Hema la juu ya tela lipimwe likiwa limekunjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyewashauri wenye familia watafute hema la kukunja, lile la kulala juu kwa kupanda ngazi, kubwa kuliko yote watakayoyaona, walifunge juu ya tela la kambi, mambo yaishe. Hoja yake ni kwamba tela halina paa la bati la kubonyea, hivyo ukubwa si tatizo. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Nusu iliyobaki ndiyo inayoniletea wateja, nami ningefurahi zaidi kama wangekuja kabla ya kununua.

Kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Natengeneza fremu za matela na keria za kubebea mahema, na likizo ikifika nafunga tela langu mwenyewe, naondoka na mke wangu, watoto watatu na mama yangu mzazi, ambaye amepita miaka sabini na hataki hata kusikia habari ya kulala chini. Kwa hiyo nayasema haya kama fundi, na pia kama mtu anayeshuka ngazi hizo usiku wa manane akiwa amebeba mtoto mwenye usingizi.

Nianze na ninachokikubali. Mahema ya juu ya gari si jambo la jana. Kiwanda kimoja cha Italia kimekuwa kikiyatengeneza tangu 1958, na shida yake kubwa tangu hapo imekuwa paa. Magari mengi madogo, watengenezaji wake huruhusu kilo 75 hivi juu ya paa gari likiwa mwendoni. Yapo ya kilo 50, yapo ya 100. Hema la watu wawili peke yake lina kilo 50 hadi 60. Hema la familia, lile lenye upana wa sentimita 220 au 240, linafika kilo 80 hadi 100 kabla hujaweka hata blanketi moja, na keria nayo ina uzito wake. Hesabu inagoma. Tela linakuondolea shida hiyo kwa sababu hema linakaa juu ya nguzo zilizosimama kwenye chesi, yaani fremu ya chini ya tela. Tena tela unaliacha kambini hema likiwa limefunguliwa, gari linabaki huru kwenda kuchota maji au kumkimbiza mtu hospitali. Mwenye hema juu ya gari hulazimika kukunja nyumba yake kila anapotaka kwenda dukani.

Lakini uzito haukupotea, umehamia kwenye ekseli, ule mtaimbo unaoshika magurudumu. Chukua tela ambalo mwisho wake, likiwa na kila kitu, ni kilo 750, kiwango ambacho Ulaya ndicho cha juu kwa tela lisilo na breki zake. Tuseme likiwa tupu lina kilo 380. Keria ya chuma 45. Hema 95. Maji lita 60, yaani kilo 60. Betri 25. Sanduku la jiko na vyombo 60. Umeshafika 665, zimebaki kilo 85 za nguo, chakula, viti, meza na mtungi wa gesi, kwa watu sita. Hapo hema halijanyeshewa. Turubai la pamba likikunjwa mbichi linaongeza kilo kadhaa, na kilo hizo zinakaa juu kabisa, mahali pabaya kuliko pote kwa tela linalopita kwenye kona. Kwa hiyo kabla ya kuangalia mahema, peleka tela lako kwenye mizani likiwa na mzigo wa safari. Pima lote, kisha pima uzito unaokaa kwenye kichwa cha mkono wa kuvutia peke yake, pale tela linaposhikana na gari. Marekani hupendekezwa kichwa hicho kibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela. Ulaya hukubali pungufu ya hapo. Kikiwa chepesi mno, tela huanza kutikisa mkia barabarani, na hema zito lililofungwa nyuma ya ekseli ni njia ya haraka ya kukifanya kiwe chepesi mno.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mtu anapochagua hema hulitazama likiwa limefunguliwa. Muuzaji amelisimamisha, ngazi imewekwa, taa zinawaka ndani, watoto wameshapanda. Anauliza, linalaza wangapi? Anajibiwa, wanne, hata watano. Analipa. Siku anapoleta kwangu ndipo linapoonekana lilivyo likiwa limekunjwa: boksi la urefu wa sentimita 240, ule ule uliokuwa upana wake, upana 120 hivi, kimo 30 hadi 40. Na boksi hilo ndilo tutakaloishi nalo barabarani na uani mwaka mzima.

Mahema mengi makubwa ya turubai yanafunguka kama kitabu. Sakafu yake ni vipande viwili vilivyoungwa kwa bawaba. Kimoja kinabaki juu ya keria, kingine kinapinduliwa nje na kushikiliwa na ngazi. Kwa hema lenye upana wa sentimita 140, unaweza kulifunga lifunguke nyuma ya tela au mbele juu ya mkono wa kuvutia, kwa sababu upande wake mrefu ukilazwa kukatisha tela, bado unaenea. Hema la 240 ukilifunga hivyo, huo urefu wa 240 unakatisha tela ambalo lenyewe lina upana wa 160 au 180. Linachomoza pande zote mbili, limelizidi gari linalolivuta, na limekaribia ukingo wa upana ambao sheria za nchi nyingi huruhusu barabarani, mita 2.5 na chembe. Matawi ya miti yatalifahamu kabla ya askari wa barabarani.

Maana yake ni kwamba ukinunua hema kubwa la aina hiyo umeshachagua, ujue usijue, kwamba litalazwa kufuata urefu wa tela na kufungukia ubavuni. Na tela lina mbavu ngapi? Mbili tu. Mmoja una jiko linalovutwa nje kama droo. Mwingine una mlango wa sanduku la vyakula, au kivuli cha turubai mlichokwisha kufunga. Nimeletewa tela zuri sana, kazi safi ya fundi mwingine, ambalo hema likifunguliwa upande wa kushoto linafunika jiko lote: mpishi anainama chini ya sakafu ya plaiwudi, moto wa gesi uko chini ya kitambaa, na ngazi imetua pale anapotakiwa kusimama. Upande wa kulia kulikuwa na tangi la maji na mlango wa betri. Mwenye tela aliniuliza afanyeje. Nilikata jiko nikalihamishia nyuma, kazi ambayo ingekuwa nyepesi sana kwenye karatasi kabla chuma hakijaunganishwa.

Upo mtindo mwingine, wenye gamba gumu, ambao unafunguka kwa mikono ya gesi, ile inayosukuma mfuniko juu yenyewe, na sakafu yake kupinduliwa. Ukikunjwa ni mfupi kidogo, kama sentimita 210 kwa 140, na ni wa haraka kufungua. Kwa tela dogo mara nyingi nauona unafaa zaidi, ingawa gamba lake linaongeza uzito, na juu yake huwezi kufunga vitu vingi.

Nirudi ubavuni, kwa sababu hapo ndipo kuna jambo ambalo sijaona likiandikwa vya kutosha. Tela lina springi. Hema likifungukia upande, nusu ya walalaji wanaegemea nje ya magurudumu. Ngazi ikiwa imekaa vizuri inabeba sehemu ya uzito huo, ile inayobaki inashuka kupitia bawaba hadi kwenye ukingo wa keria. Springi za upande huo zinabonyea. Mtu akijigeuza, wote wanayumba. Mama yangu aliwahi kuniuliza kama tumelala kwenye mashua. Dawa yake ni miguu ya kukaza chini ya pembe nne za chesi, ile ya kuzungusha kwa mpini, na ishushwe baada ya kusawazisha tela kwa pima maji na kupiga kabari kwenye magurudumu. Miwili kati yake iwe upande wa hema. Usiitumie kuinulia tela, haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ishushe mpaka iguse ardhi sawasawa, ongeza mzunguko mmoja, basi.

Ngazi yenyewe nayo ni mguu. Watu wanaiona kama njia ya kupanda tu, kumbe kwenye hema la kufunguka ndiyo nguzo ya nusu ya sakafu. Kwenye mchanga au tope weka ubao chini ya miguu yake, kipande cha plaiwudi nene cha sentimita 30 kwa 60 kinatosha, kwa sababu ikizama upande mmoja sakafu inapinda na bawaba zinaanza kuvuta skrubu zake. Kwa wenye hema dogo la kufungukia nyuma, hatari ni nyingine: tela likiwa limefunguliwa kutoka kwenye gari na ngazi ikazama, watu wazima wawili waliolala nyuma kabisa wanaweza kuuinua mkono wa kuvutia hewani. Hao nawaambia waache tela limeshikamana na gari au washushe miguu ya nyuma kabla mtu yeyote hajapanda.

Halafu kuna kimo. Mahema haya yamebuniwa yakiwazia paa la gari, sakafu ikiwa mita mbili hivi kutoka chini. Keria ya tela mara nyingi iko chini ya hapo, mita 1.2 hadi 1.6. Kwa mama yangu hilo ni neema, ngazi ina vipago vichache. Ila ngazi iliyotengenezwa kwa mita mbili ukiifupisha, hakikisha ni ile inayofungika kila kipago, na kwamba ikifungika inasimama kwa pembe ya digrii 70 hadi 75. Ikilala mno inateleza. Ikisimama wima mno mtoto anashuka kwa mgongo. Tatizo lingine ni chumba cha chini, yale mapazia ya turubai yanayoning'inizwa kuzunguka ngazi ili mpate pa kubadilishia nguo. Yameshonwa kwa kimo maalumu. Hema likiwa chini mno, pazia linaburuzika kwenye tope na kuoza pindo. Likiwa juu mno, upepo na wadudu wanapita chini. Muulize muuzaji chumba hicho kimeshonwa kwa sakafu ya kimo gani kutoka ardhini. Akikujibu kwamba kinaingia popote, mwombe futi ya kupimia.

Wapo wanaotaka keria ya kupanda na kushuka, ili safarini hema likae chini nyuma ya gari, lisishike upepo, na kambini liinuliwe mtu asimame chini yake. Naitengeneza na naipenda, kwa sharti moja: kila nguzo ishikwe na pini inayopita tundu hadi tundu. Bolti ya kubana kwa nguvu ya mkono tu haitoshi chini ya watu wanne waliolala. Na wenye sanduku la kufungua juu wafikirie mara mbili kabla ya kufunga hema kwenye mfuniko. Kilo 95 zitaongezeka kwenye mfuniko huo, mikono ya gesi iliyokuja nao haitauinua tena, na hema likiwa wazi mfuniko haufunguki kabisa. Chumvi ikibaki ndani, imebaki mpaka asubuhi.

Kuhusu idadi ya walalaji, gawanya mwenyewe. Mtu mzima aliyelala kwa raha anahitaji sentimita 60. Hema la 240 linatoa nafasi nne za namna hiyo. Hema la 180 linaloandikwa kuwa la watu wanne linampa kila mmoja 45, na hapo hata watoto wangu wanapigana. Angalia pia wanalalaje. Mpangilio mzuri ni vichwa upande wa tela na miguu upande wa mlango: kiwiliwili, ambacho ndicho kizito, kinakaa juu ya chuma, na kila anayetaka kushuka usiku anatoka miguuni pake bila kumkanyaga mwingine. Kwetu sisi tulio sita, watoto wakubwa wawili wanalala kwenye chumba cha chini juu ya vitanda vya kukunja, wanne juu. Ningeweza kutafuta hema pana zaidi nikawaweka wote juu. Tela langu lisingelibeba.

Kitambaa nitakisemea kwa kifupi. Mchanganyiko wa pamba na poliesta wenye gramu 280 hadi 320 kwa mita ya mraba ni mzito na unakauka polepole, lakini unapumua, na ndani hakutoi jasho sana. Poliesta tupu yenye kupakwa utando ni nyepesi na inakauka upesi, ila asubuhi unakuta matone yananing'inia. Mtu aliyelala hutoa maji kwa pumzi na ngozi, robo lita hadi nusu lita kwa usiku. Watu wanne ni lita moja hadi mbili zinazotafuta pa kutua. Kwa hiyo kwenye hema kubwa hesabu madirisha kabla ya mifuko: yawe mawili yanayotazamana, yenye wavu wa mbu, yanayoweza kubaki wazi kidogo hata mvua ikinyesha. Hema jipya la pamba limwagie maji uani, likauke, rudia, kabla ya safari ya kwanza. Nyuzi zinavimba na kuziba matundu ya sindano. Ukilikunja bichi, likifika nyumbani lifunguliwe siku hiyo hiyo au kesho yake, la sivyo kuvu litachora ramani ambayo haitoki. Hapo pia utaona kama ua wako una nafasi ya kutosha ubavuni mwa tela. Na moto wa aina yoyote, jiko au mkaa, usiingie ndani hata kwa dakika tano. Monoksidi ya kaboni haina harufu.

Upepo nao unakua pamoja na hema. Ukuta wa mita 2.4 wenye kimo cha mita 1.3 ni mita tatu za mraba na ushei. Upepo wa kilomita 60 kwa saa unausukuma kwa nguvu isiyopungua uzito wa kilo 50, na upepo ukiongezeka mara mbili nguvu hiyo inaongezeka mara nne. Mlango na kivuli chake viupe upepo mgongo, na kama hali ni mbaya kunja mapema, mwanga ungali upo.

Kufunga: mahema mengi huja na reli mbili za alumini na bolti za milimita 8. Kati ya alumini na chuma changu huwa naweka kipande cha mpira, maana metali hizo mbili zikigusana kwenye unyevu alumini inaliwa. Nati ziwe zile zenye duara la plastiki ndani. Zikague baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza, kisha kila asubuhi ukiwa kwenye barabara ya makorongo madogo madogo yale yanayotetemesha meno. Nimepokea hema ambalo lilikuwa limebaki na bolti moja kati ya nne, na mwenyewe alikuja kwangu kwa ajili ya kelele tu.

Rangi, taa za ndani, mifuko ya viatu, sina la kusema. Hivyo kila mtu anajua kuchagua.

Ombi langu kwa dawati lako la magari, Ndugu Mhariri: mnapotangaza au kuchambua mahema haya, pamoja na picha ya familia inayotabasamu dirishani, chapeni vipimo vinne ambavyo muuzaji hapendi kuvitaja. Urefu na upana likiwa limekunjwa. Uzito likiwa na godoro, ngazi na kifuniko chake. Kimo cha sakafu, cha chini na cha juu, ambacho ngazi na chumba cha chini vinaweza kukifuata. Na upande linakofungukia, kama unaweza kubadilishwa au la. Wasomaji wakija karakana na vipimo hivyo vinne na vya tela lao, tutachora kwa chaki sakafuni kwa nusu saa na kujua kama jiko linapona.

Ni mimi,
Fundi vyuma na msomaji wenu wa kila juma